Mgonjwa Asife Akingoja O Hasi

Juni 3, 2024, wahalifu wa mitandaoni walivamia kompyuta za Synnovis, kampuni inayofanya vipimo vya maabara kwa hospitali kubwa kadhaa za London, zikiwamo King's College, Guy's na St Thomas'. Upasuaji uliahirishwa, wagonjwa wakahamishwa, na kazi ya kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji, ambayo kule imezoeleka kwenda kwa kasi ya mashine, ikazorota. Madaktari wakafanya afanyalo daktari yeyote asiyejua kundi la damu la mtu aliye mbele yake: wakaagiza damu ya kundi O. Haikupita muda idara ya damu ya Uingereza ikawa inawasihi watu wa kundi O waje kuchangia, na mwishoni mwa Julai ikatangaza tahadhari: akiba ya O hasi ilikuwa imebaki ya kutosha chini ya siku mbili.

Lililowafika London kwa ujanja wa wezi ndilo linalotufika sisi kila wikiendi bila kuvamiwa na mtu. Majeruhi wa bodaboda analetwa na bodaboda nyingine, hana kitambulisho, simu imevunjika, ndugu hawajulikani. Mama kajifungulia zahanati, kondo limegoma kutoka, kafika hospitali ya wilaya saa nane za usiku na kanga zimelowa chapachapa. Maabara ina mtu mmoja wa zamu. Hakuna anayejua kundi la damu la mgonjwa, na ukisema ungoje mpaka kila kipimo kikamilike utakuwa umemwandalia jeneza. Hapo ndipo inapoingia imani ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: kwamba damu ya dharura ni O hasi, na O hasi isipokuwapo basi damu hakuna.

Imani hii nimeikuta kwa watu wazima wenye vyeti vyao. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, mwanamume wa makamo aliyechomwa kisu tumboni alikuwa amelazwa huku daktari wa zamu akipiga simu hospitali za jirani kuulizia O hasi. Kwenye jokofu la hospitali hiyohiyo, hatua chache kutoka chumba cha dharura, zilikuwapo chupa za O chanya, zimepimwa, zina lebo, zinangoja mwenye shida. Aliyevunja ukimya ni mtaalamu wa maabara, mama mtu mzima aliyekwisha kuona mengi. Alisema, "Dokta, huyu baba hatabeba mimba. Mpe O chanya, sampuli yake ninayo tayari." Akapewa. Kundi lake lilipotoka lilikuwa A chanya.

Maneno ya mama yule yana elimu ya karne nzima ndani yake.

Kundi O lenyewe lilijulikana mwanzoni mwa karne iliyopita, pale Karl Landsteiner alipokuwa akichanganya damu za wenzake wa maabara jijini Vienna na kuona kwamba nyingine huganda mafungumafungu na nyingine hutulia. Mwaka 1901 alichapisha ugunduzi wake, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel. Juni 14, siku aliyozaliwa, ndiyo tunayoadhimisha kama Siku ya Wachangia Damu Duniani. Kilichokuja kueleweka kutokana na ugunduzi huo ni hiki: chembe nyekundu za damu zina alama juu ya ngozi yake, wataalamu wanaziita antijeni. Mwenye kundi A ana alama A, mwenye B ana B, mwenye AB anazo zote, mwenye O hana hata moja kati ya hizo. Na kila mtu, tangu utotoni, hubeba katika maji ya damu yake kingamwili za kupambana na alama asiyokuwa nayo, hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Ukimtia mtu wa kundi O chembe za kundi A, kingamwili hizo zinazivamia na kuzipasua papo hapo. Mgonjwa anatetemeka, mgongo unamuuma, mkojo unageuka rangi ya kola, figo zinakufa. Inaweza kutokea kabla chupa haijafika nusu. Chembe za kundi O hazina A wala B, kwa hiyo kingamwili hizo hazina cha kushambulia. Ndiyo maana Novemba 1917, katika vita ya Cambrai huko Ufaransa, daktari wa jeshi la Marekani, Oswald Robertson, aliweza kuwaongezea majeruhi damu ya kundi O iliyokusanywa siku kadhaa kabla na kuhifadhiwa kwenye chupa ndani ya barafu, bila kuwapima mmoja mmoja. Hiyo ni miongoni mwa benki za damu za mwanzo kabisa.

Basi O ni lazima, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye hiyo hasi na chanya.

Hasi na chanya ni habari ya alama nyingine, Rh, ambayo ilieleweka baadaye sana. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson wa New York walieleza kisa cha mwanamke aliyezaa mtoto mfu, akapoteza damu, akaongezewa damu ya mumewe. Wote wawili walikuwa kundi O. Kwa elimu ya wakati ule, hakuna damu ambayo ingemfaa kuliko hiyo. Lakini mwili wake uliikataa vibaya. Levine na Stetson walibaini kwamba mtoto alikuwa amerithi kutoka kwa baba alama ambayo mama hana, na katika mimba ile mwili wa mama ulikuwa umejifunza kuipiga vita. Damu ya mume ilipoingia ilikuta askari wameshapangwa.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kisa hicho kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Nenda hospitali yoyote yenye upungufu wa damu, mama akihitaji kuongezewa baada ya kujifungua, anayeambiwa akunje shati ni mume. Mara nyingi chupa yake inaingia kwenye akiba ya jumla na mke anapewa nyingine, na hilo ni jema. Lakini wapo wanaume wanaosisitiza kwamba damu yao iende kwa wake zao na si kwa mtu mwingine, na wapo wahudumu wanaokubali ili kumaliza zogo. Mke aliyembebea mume mimba ndiye mtu mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na kingamwili dhidi ya damu ya mume huyo. Mume achangie, tena apongezwe, ila chupa yake impe nafuu mgonjwa mwingine.

Turudi kwenye Rh. Tofauti yake kubwa na A na B ni kwamba kingamwili zake hazijitokezi zenyewe. Mwenye Rh hasi hana silaha dhidi ya Rh chanya mpaka akutane nayo, ama kwa kuongezewa damu, ama kwa damu ya mtoto kupenya wakati wa kujifungua au mimba kuharibika. Kwa hiyo mwanamume mwenye Rh hasi ambaye hajawahi kuongezewa damu akipewa O chanya leo, leo hiyo hatapata madhara ya Rh. Baadaye huenda mwili wake ukatengeneza kingamwili. Watu wenye afya waliojitolea kudungwa damu chanya kwa ajili ya utafiti walitengeneza kwa wingi, kama wanane katika kila kumi. Lakini majeruhi na wagonjwa mahututi, ambao mwili wao una vita nyingine kubwa, ni kama wawili au watatu tu katika kumi. Na mwanamume huyo akitengeneza, adhabu yake ni kwamba siku nyingine apewe damu hasi. Basi. Hana mimba ya kuharibika.

Mwanamke anayetarajia kuzaa ana jambo zito zaidi. Kingamwili za Rh hupita kwenye kondo na kumwendea mtoto aliye tumboni, zikapasua chembe zake. Mtoto huzaliwa na upungufu wa damu, au manjano makali yanayoweza kumharibu ubongo, au hazaliwi hai. Kwa sababu ya huyu, na kwa sababu yake hasa, O hasi ni mali ya kutunzwa.

Sasa tupige hesabu, maana mjadala huu bila hesabu ni porojo. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, kama 15 kati ya 100 ni Rh hasi. Kwetu Afrika Mashariki ni kama watano, na kwingine pungufu. Karibu nusu yetu ni kundi O. Zidisha, utaona kwamba katika wachangiaji 100 wanaofika kituo cha damu cha Mwanza au Moshi, wenye O hasi ni wawili au watatu, huku wenye O chanya wakiwa arobaini na kitu. Uingereza, ambako O hasi ni 8 kati ya 100, hospitali huagiza O hasi kiasi cha 15 katika kila chupa 100, na ndiyo maana wanaishiwa. Ikiwa wao wenye mara tatu yetu wanaishiwa, sisi tunaoiga kanuni yao tunaiga kwa mtaji gani?

Na kwa kweli wao wenyewe wameshaiacha. Mwongozo wa Uingereza unaruhusu wanaume, na wanawake waliopita umri wa kuzaa, wapewe O chanya kundi lao lisipojulikana. AABB, chama cha Marekani cha wataalamu wa benki za damu, kimewaasa madaktari waache kutumia O hasi isipokuwa kwa wenye O hasi na kwa wanawake wa umri wa kuzaa wenye dharura ambao kundi lao halijulikani. Kinachosikitisha ni kwamba kwetu imebaki ile kanuni ya zamani, kama koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya nchi nyingine.

Tuchukue wanawake 1,000 wa umri wa kuzaa wanaofika hospitali zetu wakivuja damu na kundi lao halijulikani. Tuseme wote wapewe O chanya. Wenye Rh hasi ni kama 50. Kati ya hao, watakaotengeneza kingamwili kwa sababu ya damu ile ni kama 10 hadi 15, na si wote watakaobeba mimba tena. Upande wa pili wa mizani kuna wale ambao wangengoja O hasi itoke mkoani. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda usiofika saa mbili. Sihitaji kuendelea.

Lakini nisiifanye kuwa nyepesi, kwa maana hoja ya upande wa pili ina uzito wake na kwetu ni mzito zaidi. Ulaya, mwanamke mwenye Rh hasi anaweza kuolewa na mwanamume mwenye Rh hasi, au mwenye nusu kwa nusu, akazaa watoto hasi wasio na shida. Kwetu karibu kila mume ni chanya, na wengi ni chanya kwa baba na mama, kwa hiyo mtoto naye atakuwa chanya. Ulaya, mtoto anayeshambuliwa akiwa tumboni huongezewa damu akiwa humo humo. Hospitali zetu zinazoweza kazi hiyo ni za kuhesabu. Kwa hiyo wale 10 au 15 kwetu wana njia ngumu kuliko wenzao. Ndiyo sababu sisemi O hasi haina kazi. Nasema kazi yake ni hii, na ukimpa mwanamume aliyeanguka na pikipiki umemnyang'anya msichana wa miaka 17.

Kuna wanaosema, mpe O chanya kisha mchome sindano ya anti-D, ile wanayochomwa mama wenye Rh hasi ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Sindano hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1968, imeokoa watoto wasiohesabika. Lakini angalia kipimo chake. Kichupa kimoja cha maikrogramu 300 hufuta kiasi cha mililita 15 za chembe nyekundu, na hicho chatosha kwa damu kidogo ya mtoto iliyopenya kwa mama. Chupa moja ya damu ina chembe karibu mililita 200. Utahitaji vichupa zaidi ya kumi kwa chupa moja tu, na mgonjwa mahututi hapewi chupa moja. Katika nchi ambamo ndugu huchangishana ili wanunue kichupa kimoja, ushauri huo ni wa vitabuni.

Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea ni huu. Mwanamume wa umri wowote, na mwanamke aliyevuka miaka 50, wakija wanavuja damu na kundi halijulikani, wapewe O chanya bila simu na bila mkutano. Msichana na mwanamke anayeweza kuzaa apewe O hasi kama ipo jengoni. Kama haipo, apewe O chanya na apone. Asiyeweza kupewa O chanya kirahisi ni yule ambaye tayari anajulikana ana kingamwili za Rh, na huyo mara nyingi kadi yake ya kliniki husema, au yeye mwenyewe akiulizwa huwa na historia ya watoto kufia tumboni au kuzaliwa na manjano makali. Hata kwa huyo, kukataa kumpa damu kabisa huku anakata roho ni uamuzi unaohitaji daktari mwandamizi, si mazoea ya mtu wa zamu.

Haya yote yanahusu chupa ya kwanza na pengine ya pili. Watu husahau kwamba kupima kundi la damu hakuchukui usiku kucha. Mtaalamu anadondosha damu kwenye kigae cheupe sehemu tatu. Kwenye tone la kwanza anatia dawa ya bluu, ya kutafuta A. La pili dawa ya njano, ya kutafuta B. La tatu dawa isiyo na rangi, ya Rh. Anakoroga kwa kijiti, anakiinamisha kigae huku na huku. Pale alama ilipo, damu inakatika vipande kama mchanga mwekundu. Pale isipokuwapo inabaki laini. Akirudia na kuhakiki kwa kupima maji ya damu pia, ni kama dakika kumi na tano. Baada ya hapo mgonjwa anaweza kupewa damu ya kundi lake. Krosimachi kamili, yaani kuchanganya damu ya mgonjwa na ya chupa yenyewe na kuangalia kama zinagombana, huchukua kama dakika 45, na inaweza kuendelea huku chupa ya kwanza ikidondoka.

Sharti moja: sampuli ichukuliwe kabla chupa ya O haijafunguliwa. Ukimwaga chupa nne za O kwa mtu wa kundi B ndipo uchukue damu ya kupima, kigae kitakuonyesha mchanganyiko wa vipande na ulaini usioeleweka, na mtaalamu atalazimika kuendelea kukupa O kwa kuwa hawezi kuapa. Hivyo ndivyo hospitali zinavyomaliza O yote kwa watu wasio wa O. Na sampuli iandikwe jina palepale kitandani, si kwenye meza ya nesi baadaye. Asiye na jina apewe namba ya dharura, na namba hiyo ifungwe mkononi mwake. Vifo vingi vya kuongezewa damu isiyooana havikusababishwa na elimu ndogo ya makundi ya damu bali na chupa sahihi kwenda kwa mtu mwingine. Hata kadi inayosema "B chanya" haitoshi kumpa mtu damu ya B. Wapo waliopimwa ovyo, na wapo wanaotumia kadi ya dada.

Kuna jambo jingine ambalo nchi tajiri hazilisumbukii sana lakini sisi linatuhusu. Hospitali zetu nyingi bado hutoa damu nzima, chembe pamoja na maji yake. Nilisema chembe za O hazina A wala B, lakini maji yake yamejaa kingamwili dhidi ya A na B zote. Mgonjwa wa kundi A akipewa damu nzima ya O, chembe za chupa zitakuwa salama ila maji ya chupa yanaweza kuzivamia chembe zake yeye. Chupa moja kwa mtu mzima mara nyingi hupita bila kelele, kwa kuwa maji hayo yanazimuliwa. Chupa nyingi, au chupa moja ya mchangiaji ambaye kingamwili zake ni kali, au mgonjwa akiwa mtoto mdogo, ni habari nyingine. Jeshi la Marekani lililijua hili tangu Vita ya Pili ya Dunia. Damu ya O iliyokusudiwa kupewa kila majeruhi ilichujwa kwa kupima ukali wa kingamwili zake, na zile kali zilipewa wa kundi O tu. Walijifunza pia kwamba askari wa kundi A aliyemiminiwa chupa nyingi za O haifai kumrudishia damu ya A kwa pupa. Damu yake wakati huo imejaa maji ya O.

Dawa yake ni kutenganisha. Chembe nyekundu zilizoondolewa sehemu kubwa ya maji ndizo zinazofaa kuwekwa kwenye jokofu la dharura na kubandikwa lebo ya O. Vituo vya kanda vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama vinaweza kutenganisha damu. Ningependa kuona chupa za O zinazokwenda wilayani kwa ajili ya dharura zikiwa za namna hiyo kwanza, na damu nzima ya O ibaki kwa wagonjwa wa kundi O. Ni suala la mpangilio zaidi kuliko fedha.

Vipi kuhusu umri wa damu? Wapo madaktari wanaokataa chupa iliyokaa wiki nne wakidai imechoka. Hofu hiyo ilipimwa hapahapa jirani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwachukua watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu na miili iliyokwisha kuonyesha dalili za kukosa oksijeni, wakawapa wengine damu iliyokaa siku 1 hadi 10 na wengine iliyokaa siku 25 hadi 35. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la JAMA: damu ya zamani haikuwa duni kuliko mpya. Ilikuwa damu iliyochujwa chembe nyeupe na iliyotunzwa vizuri, hilo nalikumbuka. Lakini kwa mtu anayevuja damu, chupa iliyo ndani ya tarehe yake na iliyokaa kwenye nyuzi 2 hadi 6 ni chupa nzuri. Anayeiharibu si kalenda, ni yule anayeitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto ili "iamke", au kuiacha dirishani juani. Chembe hupasuka zikiwa ndani ya mfuko, na mgonjwa anamiminiwa uchafu.

Sasa O hasi hizo mbili tatu katika mia zikae wapi? Zikigawanywa moja moja kwa kila hospitali ya wilaya, nyingi zitaisha tarehe zikiwa zinangoja mama ambaye mwezi huo hakuja, na mama akija wilaya ya pili atazikosa. Rwanda ilipata jibu lake mwaka 2016, ilipoanza kurusha damu kwa droni kutoka Muhanga. Damu inakaa ghalani mahali pamoja, hospitali inaomba, ndege inadondosha mfuko kwa parashuti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu inayoharibika kwa kupitwa na tarehe katika hospitali zinazohudumiwa na droni ilipungua kwa asilimia 67. Si kila nchi itanunua droni, na Tanzania ni pana mno kuilinganisha na Rwanda. Ila fikra ya kuweka kilicho adimu mahali pamoja panapofikika inawezekana hata kwa pikipiki na boksi la barafu, mradi mtu fulani ajue leo chupa ngapi za O hasi ziko wapi. Daftari hilo la mkoa mzima ni hospitali ngapi zinalo?

Ndugu zetu walio Uingereza nao wana sehemu yao katika hesabu hii. Wagonjwa wa selimundu kule huhitaji sana damu ya aina inayoitwa Ro, ambayo zaidi ya nusu ya wachangiaji weusi wanayo na wazungu wachache mno wanayo. Ro isipopatikana, mara nyingi hupewa damu hasi badala yake, na hapo akiba ya O hasi inapigwa tena. Kijana wa Kitanzania au Mkongo anayechangia damu London anaokoa mwenye selimundu na, bila kujua, anamwachia O hasi mama mwingine.

Kwetu damu nyingi hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo likizo ya Desemba ikifika majokofu hulia. Wakati huohuo ndugu wanakusanyika dirishani mwa maabara. Mzee anasema, "Mwanangu, mimi ni O, nichukue yangu sasa hivi umtie binti yangu." Naye anajibiwa kwa upole, "Shikamoo baba. Tutaichukua, lakini lazima ipimwe kwanza UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Haitawahi." Mzee anadhani amenyimwa. Aliyemnyima ni ratiba: damu ya usiku huu ilipaswa kutolewa wiki mbili zilizopita na mtu asiyemjua binti huyo.

Limebaki jambo moja ambalo hospitali nyingi hulisahau mara mgonjwa anapofungua macho. Msichana aliyepewa O chanya kwa sababu hapakuwa na jingine, kundi lake likitoka hasi, yapo ya kufanya kabla hajaruhusiwa. Aambiwe yeye na mtu wake wa karibu, kwa lugha wanayoielewa, kilichofanyika na kwa nini. Iandikwe kwenye kadi yake kwa maandishi yanayosomeka: aliongezewa damu ya Rh chanya, tarehe fulani. Arudi baada ya miezi michache kupimwa kama kingamwili zimejitokeza. Akishika mimba aanze kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane, na vipimo vya kingamwili virudiwe kadiri mimba inavyokua. Na apangiwe kujifungulia hospitali inayoweza kumbadilishia mtoto mchanga damu, ambayo wiki hiyo imehakikisha kwamba ina O hasi.